Samoa Nje ya Kadi za Posta

Mwaka 1891 Thomas Andrew alitoka New Zealand na kamera yake akahamia Samoa, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1939. Mjini Apia alimkuta mpigapicha mwingine, Alfred Tattersall, aliyefika mwaka 1886. Kadi za posta zilikuwa na soko, na wanunuzi Wazungu walijua wanachokitaka: binti wa Kisamoa ameketishwa studio, kifua wazi, maua shingoni.

Nje ya studio mambo yalikuwa mengine. Mmisionari John Williams alishafika tangu 1830, na wanawake wa visiwa hivyo walikuwa wakienda kanisani wamevaa magauni marefu ya pamba. Kadi zile zinatueleza zaidi habari za mnunuzi kuliko za huyo binti.

Utamu uko kwenye picha za uani. Humo wanawake wameketi chini wanatengeneza siapo, kitambaa cha magome. Gome la ndani la mti wa jamii ya mforsadi hulowekwa, likakwanguliwa kwa makombe ya baharini juu ya ubao, kisha hupondwa juu ya gogo kwa rungu la pande nne liitwalo i'e. Kadiri linavyopondwa ndivyo linavyotanuka na kulainika. Vipande huunganishwa kwa gundi ya uwanga, vikapakwa rangi ya kahawia itokanayo na gome la mti wa 'o'a. Nyeusi hupatikana kwa masizi ya kokwa zilizochomwa. Mganda angeitambua kazi hii mara moja, ingawa kwao mti ni mtuba na waponda magome ni wanaume.

Novemba 1918 meli ya Talune kutoka Auckland ilileta homa ya mafua. Takriban mtu mmoja kati ya watano wa Samoa Magharibi alikufa, wakiwemo wazee na machifu wengi, walinzi wa kazi na desturi kama hizo.

Mwaka 1923 Mmarekani Robert Flaherty alifika Safune, kisiwani Savai'i, kupiga sinema yake Moana. Watu aliowakuta walivaa nguo za pamba za dukani. Akawavisha siapo, nao wakakubali kuigiza maisha ya babu zao. Lakini sinema ilipotoka mwaka 1926, ndani yake alikuwamo mama mmoja ambaye mikono yake haikuwa na haja ya kuelekezwa na mtu: anakwangua gome, anaponda, anabandika, anapaka rangi.