Mchoraji wa Lubumbashi

Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Zaire (Kongo ya leo) kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akaisimulia kwa Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100. Mimi huganda kwenye "Colonie Belge": mfungwa kalazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa kiboko, Mbelgiji kasimama anavuta kiko. Hicho kiko kinaniudhi kuliko damu. Na picha za namna hiyo watu walizitundika sebuleni!

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Katanga 17 Januari 1961, Tshibumba alimchora na jeraha ubavuni, kama Yesu. Rais Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata Lumumba, alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilikatika.