Miaka Mizanini: Tarikhi ya Bima ya Pikipiki na Vijana wa Uingereza

Katikati ya karne ya kumi na nane aliishi London mwalimu mmoja wa hesabu, James Dodson kwa jina, ambaye alipotaka kujiunga na Amicable Society, jumuiya kongwe ya bima ya maisha iliyoasisiwa mwaka 1706, alikataliwa kwa sababu moja tu, kwamba umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 45. Jumuiya ile iliwatoza wanachama wake mchango wa namna moja, awe barobaro au mtu aliyekwisha kuota mvi, na kwa kuwa haikuwa na mizani ya kumtoza mwenye miaka mingi zaidi ya mwenye miaka michache, iliona heri imfungie mlango asiingie kabisa. Dodson hakununa akanyamaza. Aliketi na hesabu za vifo, akaifuata njia aliyoifungua mwanafalaki Edmond Halley mwaka 1693 alipopanga kwa umri maiti wa mji wa Breslau, akatunga kanuni ya kumtoza kila mtu kwa kadiri ya miaka yake siku anapojiunga. Na ijapokuwa alifariki mwaka 1757 kabla hajauona mti wake ukizaa, wenzake waliiasisi Equitable mwaka 1762 juu ya hesabu hizo. Kwa hiyo umri uliingia katika bei ya bima kwa sababu ya mtu mzima aliyekataliwa, ili apate nafasi yake hata kama ni kwa kulipa zaidi. Na ni katika maajabu ya tarikhi kwamba kanuni hiyohiyo, ilipofika karne ya ishirini na kukutana na chombo chenye magurudumu mawili na injini, ilipinduka, ikamwangukia kijana.

Sababu ya kupinduka si ngumu kuifahamu. Katika bima ya maisha adui ni wakati wenyewe, ambao hauna haraka wala haukosi kufika. Katika bima ya barabarani adui ni ghururi, na ghururi aghalabu hukaa na ujana. Lakini mwenye kampuni ya bima hana darubini ya kutazama kifua cha mtu akajua kama ana busara au hana, wala hawezi kumfuata kila mteja njiani usiku; anachoweza ni kuuliza jambo ambalo jibu lake limeandikwa mahali na halibishwi, na jambo hilo ni tarehe ya kuzaliwa. Hata hili lilihitaji serikali iliyojiandalia daftari zake. Uingereza ilianza kuwaandikisha kiraia wanaozaliwa mwezi wa Julai mwaka 1837, hata pikipiki zilipoingia barabarani hapakuwa tena na kijana wa Kiingereza aliyeweza kudai hajui amezaliwa lini. Ni dhahiri kwamba umri ulichaguliwa si kwa kuwa ndiye shahidi mkweli kupita wote, bali kwa kuwa ndiye shahidi asiye na gharama ya kumwita.

Mwanzoni sheria ilikuwa karimu mno kwa vijana, hata msomaji wa leo hudhani pameandikwa kinyume. Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, iliamuru kwamba asiendeshe gari mtu asiyetimiza miaka 17, ila pikipiki iliruhusiwa kwa mtoto wa miaka 14. Leseni ilipatikana kwa shilingi tano, bila mtihani wa namna yoyote. Pikipiki ya wakati ule ilikuwa baiskeli iliyotiwa injini dhaifu, iliyohitaji kusukumwa kwa miguu kila ilipofika mlimani, na waheshimiwa wa Bunge waliiona kuwa dada wa baiskeli kuliko binamu wa gari. Bima nayo ilikuwa khiyari. Aliyependa alikata, asiyependa aliacha, na aliyegongwa na maskini asiye na bima alibaki na hukumu ya mahakama mkononi, isiyolipika.

Miaka ya baada ya Vita Kuu ya kwanza iligeuza mambo. Pikipiki ilikuwa chombo cha mtu wa kipato cha chini, na kwa kuiunganisha na kigari cha ubavuni fundi aliweza kumchukua mkewe na mtoto wake hadi baharini siku ya Jumapili. Barabara zilijaa kuliko zilivyoweza kustahimili, na kufikia mwaka 1930 nchi ile ilikuwa na vyombo vya moto takriban milioni 2.3, navyo viliua watu zaidi ya 7,000 kwa mwaka mmoja. Ndipo Herbert Morrison, aliyekuwa Waziri wa Usafiri, alipopeleka Bungeni Sheria ya Barabara ya mwaka 1930, ambayo iliinua umri wa kuendesha pikipiki hadi miaka 16, na ikamlazimisha kila mwenye chombo, kuanzia tarehe 1 Januari 1931, awe na bima ya kumfidia mtu mwingine atakayemdhuru. (Sheria hiyohiyo, na hili watu hulisahau, iliondoa kikomo cha mwendo wa maili 20 kwa saa kilichowabana wenye magari tangu mwaka 1904; kikomo cha mijini kikarudishwa mwaka 1935, kikiwa maili 30.)

Hapa pana nukta ambayo, kwa rai yangu, ndiyo kiini cha habari yote. Bunge lilimfaradhisha raia kununua bima, lakini halikuifaradhisha kampuni yoyote kumuuzia, wala halikutaja bei. Sheria ilimwambia kijana wa miaka 16 kwamba yeye na mtu wa miaka 40 ni sawa, kila mmoja aende zake barabarani; lakini ruhusa hiyo haikutimia mpaka apite dirishani kwa karani wa bima, na karani hakuamini usawa huo. Kwa namna hii sauti ya mwisho kuhusu nani apande chombo gani ilitoka mikononi mwa watunga sheria ikaingia katika vitabu vya bei, bila mtu yeyote kusimama Bungeni akapendekeza iwe hivyo.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya siri kiasi. Kampuni kubwa ziliungana katika mapatano ya bei, ambayo yalidumu hadi mwisho wa mwaka 1968, na ndani yake pikipiki ilipimwa kwa ujazo wa injini, kwa mahali ilipolala usiku, na kwa yule aliyeipanda. Waingereza walizoea hata bima iliyomfuata mpandaji badala ya chombo, iliyompa ruhusa ya kupanda pikipiki yoyote isiyozidi ujazo fulani, jambo linaloonyesha wazi walivyoamini kwamba hatari imeketi juu ya tandiko. Mapatano yalipovunjika kila kampuni ikajipangia bei yake, na ushindani ukafanya kazi yake ya kawaida: kampuni ikiwatoza wote sawasawa, jirani yake huja na bei ndogo kwa wenye miaka 35, ikawachukua wote, ikaiachia ile ya kwanza vijana watupu na hasara zao. Hata mwenye insafu moyoni hulazimika kuchambua, asije akafilisika kwa wema wake.

Yafaa kusema kwa haki kwamba si vijana peke yao waliokufa. T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya Waturuki, aliangushwa na pikipiki yake aina ya Brough Superior mwezi wa Mei mwaka 1935 alipokuwa akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akafariki siku sita baadaye akiwa na umri wa miaka 46. Daktari mmojawapo aliyeitwa kitandani pake, Hugh Cairns, aliondoka na swali lililomkalia miaka mingi, akafanya uchunguzi juu ya wapanda pikipiki wa jeshi, na mashauri yake juu ya kofia ngumu hatimaye yakawa sheria kwa raia wote mwaka 1973.

Lakini vijana ndio waliotazamwa. Baada ya vita ya pili mishahara yao ilipanda, na bidhaa za kulipia kidogokidogo zikawafikia, hata mwanagenzi wa karakana aliweza kumiliki Triumph au BSA yenye nguvu ambayo baba yake asingeiota. Walikusanyika Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular huko London, wakishindana kufikisha maili 100 kwa saa. Serikali ikajibu mwaka 1961 kwa kumzuia mwanafunzi asipande kilichozidi cc 250. Na mwaka 1964, magenge ya wapanda skuta na ya wapanda pikipiki yalipopigana katika fukwe za Clacton na Brighton, magazeti yakavuvia moto hata ikawa kila mzee wa Kiingereza anajua, bila kuhitaji jedwali lolote, kwa nini kijana atozwe zaidi.

Kisha ikaja hila tamu kuliko zote. Mwezi wa Desemba mwaka 1971, John Peyton akiwa waziri anayehusika, mwenye miaka 16 alikatazwa pikipiki na kuachiwa mopedi ya cc 50 yenye pedali, na ilidhaniwa kwamba shari imekwisha. Viwanda vya Japani na Italia vilisoma sheria kwa makini kuliko walioiandika. Sheria ilisema cc 50 na pedali, haikusema mwendo. Basi zikatoka mopedi zenye umbo la pikipiki ya mashindano, Yamaha FS1-E ikiwa maarufu kupita zote, zenye pedali ambazo hakuna aliyezikanyaga ila kwa kumridhisha askari, na zilizokimbia zaidi ya maili 40 kwa saa. Mlango huo ulifungwa mwaka 1977, mopedi mpya zilipowekewa kikomo cha maili 30. Kizazi kizima cha Waingereza hukumbuka chombo hicho kwa mahaba, na sehemu ya mahaba hayo ni hesabu tu: kwa kuwa injini ilikuwa ndogo, ada ya bima yake nayo ilikuwa ndani ya uwezo wa mvulana anayegawa magazeti.

Toka hapo ujazo wa injini na umri vimetembea pamoja kama ngalawa na ndubi zake. Mwaka 1983 mwanafunzi alishushwa hadi cc 125. Mwaka 1990 mafunzo ya msingi yakawa ya lazima kabla ya kuingia barabarani. Na tangu Januari 2013 ngazi imekuwa ndefu zaidi, cc 125 katika miaka 17, pikipiki ya nguvu ya wastani katika miaka 19, na ile isiyo na mipaka katika miaka 24, ila kwa aliyepita daraja ya kati mapema, ambaye huipata akiwa na miaka 21. Wakati huohuo wazazi walijifunza ujanja wao, baba akijiandikisha kuwa ndiye mpandaji mkuu wa chombo ambacho hajawahi kukikalia ili mwanawe atozwe kidogo; kampuni huuita udanganyifu, na madai yakija huweza kukataa kulipa.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Mahakama ya Ulaya iliamua mwezi wa Machi 2011 kwamba si halali kumtoza mwanamume na mwanamke bei mbalimbali kwa sababu ya jinsia, na tangu tarehe 21 Desemba 2012 tofauti hiyo ikafutwa. Lakini umri uliachwa, na sheria ya Uingereza ya usawa ikawapa watoao huduma za fedha ruhusa maalumu ya kuendelea kuupima. Hoja ni kwamba kila mtu, akijaliwa, hupitia ujana na kuuacha. Ni hoja yenye nguvu, ingawa haimfariji anayeupitia sasa.

Waliosoma fikihi kwetu pwani watakumbuka kwamba suala hili lina ukongwe wake. Mali ya yatima haikabidhiwi kwa kubaleghe peke yake, sharti aonekane ana rushdi, yaani busara ya kutunza mali. Na wafuasi wa Imamu Shafii walitaka ajaribiwe, mtoto wa mfanyabiashara kwa kuuza na kununua, bila kuweka idadi ya miaka ya kumaliza ulinzi. Imamu Abu Hanifa yeye alisema akifika miaka 25 na apewe mali yake, liwe liwalo. Kampuni za bima, bila kumsoma imamu yeyote, nazo zimekuwa zikiitaja miaka 25 mara nyingi.

Sheria ya 1930 ilivuka bahari pamoja na Waingereza. Bima ya lazima ikaingia Tanganyika na Kenya, ambako mpaka leo Sura ya 405 ya sheria za Kenya imebeba sura ya mama yake. Lakini desturi ya kupima miaka haikuvuka nayo kwa ukamilifu, kwani katika nchi ambazo wazee walijihesabia kuzaliwa kwa mwaka wa njaa au wakati wa vita vya Mjerumani, karani angeandika nini katika kisanduku cha tarehe? Bei ilifuata chombo na matumizi yake, na kwa bima ndogo ya pikipiki ni hivyo kwa kiasi kikubwa hata sasa, ndiyo maana barobaro wa bodaboda na mzee wa kazi hiyohiyo huweza kulipa sawa. Umri umejificha kwingine. Katika mikataba mingi ya bima kubwa inayouzwa Nairobi mna kifungu kinachomtaka dereva mchanga, au aliyepata leseni juzi, ajilipie mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijatoa chake. Kwa hiyo anaweza kukata bima kwa bei ileile ya wenzake, na tarehe yake ya kuzaliwa isiulizwe kwa makini mpaka siku anapoleta fomu ya madai.