Mtoto hana kazi: je, anaweza kumwita mzazi Marekani?

Mama mmoja mjane wa kusanyiko letu hapa Koni alinijia na swali. Mtoto wake aliye Marekani amepoteza kazi, na karatasi za safari ya mama zimesimama. Aliniuliza: "Pasta, kanisa haliwezi kutia sahihi kwa ajili yake?" Jamaa nyingi zina swali hilo. Haya ndiyo ya kujua.

Nani anaweza kuomba?
Mtoto mwenye uraia wa Marekani, aliyetimiza miaka 21, ndiye anayemwombea mzazi kwa fomu I-130. Mkimbizi mwenye ukaazi wa kudumu tu bado hawezi.

Kukosa kazi kunafunga mlango?
Hapana. Lakini mtoto lazima atie sahihi fomu I-864, hata kama hana mapato yoyote. Mapato yanayotakiwa ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini ambacho serikali hutangaza kila mwaka. Huhesabiwa watu wote wa nyumba yake, pamoja na mzazi anayekuja. Msaada ambao serikali huwapa maskini hauhesabiwi kuwa mapato. Pengo linaweza kujazwa kwa njia tatu:

1. Mapato ya ndugu au mke anayeishi naye nyumba moja, akikubali kutia sahihi fomu I-864A.
2. Mali inayoweza kugeuzwa pesa ndani ya mwaka mmoja. Kwa mzazi, mali itimize mara 5 ya pengo: likipungua dola 4.000, mali iwe dola 20.000, baada ya kutoa madeni. Mali ya mzazi mwenyewe inaweza pia kuhesabiwa.
3. Mdhamini wa pili: raia au mwenye ukaazi wa kudumu, wa miaka 18 au zaidi, anayeishi Marekani, na mwenye mapato ya kutosha. Si lazima awe wa ukoo.

Na kanisa?
Kanisa haliwezi kuwa mdhamini, hata likiwa na pesa. Mdhamini lazima awe mtu.

Na Canada?
Huko ni vigumu zaidi. Nje ya Quebec, mtoto huonyesha mapato ya kutosha ya miaka 3 ya kodi mfululizo, anayeweza kumsaidia kutia sahihi ni mke au mume wake tu, na ahadi inadumu miaka 20.

Sahihi hiyo ni deni
Marekani, ahadi hiyo huendelea mpaka mzazi awe raia, au ahesabiwe karibu miaka 10 ya kazi, au aondoke moja kwa moja, au afe. Mdhamini anaweza kushtakiwa mahakamani. Mzee asiyeweza kufanya kazi atamtegemea kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, mkimwendea ndugu mwamini mwenye kazi, msimwambie kwamba ni karatasi tu. Kitabu cha Mezali kinaonya juu ya kumdhamini mwingine, na Bwana Yesu katika Luka 14 anasema juu ya kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Ndugu akikataa, asihukumiwe kuwa hana upendo.

Tena, sheria za viza hubadilika. Ulizeni kwanza ubalozi wa Marekani kule Kinshasa kabla ya kulipa mtu yeyote au kuuza nyumba.

Mama yule nilimjibu hivyo. Sasa mtoto wake anatafuta mtu wa kutia sahihi, na sisi tunamwombea apate kazi.