Ua lisilo kwenye alama yetu

Wanafunzi wanatuuliza: inchi yetu iko na ua gani? Katiba ya 2006 inataja kichwa cha chui, pembe ya ndovu, mkuki na jiwe. Ua hakuna.

Ulaya ua la taifa linakuja na hadithi. Waskoti wanasimulia kwamba adui alikuja usiku bila viatu, akakanyaga mmea wa miiba, akapiga kelele. Wenyeji wakaamka, wakaokoka, na ua la mmea ule likawa alama yao.

Jirani zetu wao walichagua maua ya kazi. Alama ya Tanzania iko na mkarafuu na pamba, na karafuu yenyewe ni ua linalochumwa mbele halijafunguka. Kwenye alama ya Kenya, pamoja na chai na kahawa, kuna pareto, ua jeupe linalotoa dawa ya kuua wadudu.

Kumbe ua hilo tunalijua! Ndiyo piretri iliyolimwa wakati wa ukoloni kwenye milima yetu ya Kivu. Kusudi wapate watu wa kazi katika mashamba ya Wazungu, kuanzia 1937 Wabelgiji walileta familia nyingi toka Rwanda, wengine hapa karibu, Gishari. Ujirani wetu na magomvi ya udongo vyote vimepita mule.

Hatuombi chui aondolewe. Chini yake kumeandikwa Haki, Amani, Kazi. Kazi wazee waliifanya. Sherti watoto wajue nani alilima, na kwa malipo gani. Bila hiyo, haki na amani zitabaki maandishi tu.