Kamba wa Naivasha na Meza za Waswidi

Mwaka 1970 Idara ya Uvuvi ya Kenya iliwaachia kamba wapatao 300 katika Ziwa Naivasha. Walikuwa kamba wekundu wa Louisiana: gamba gumu, magando mawili mbele, mkia wenye nyama, na tabia ya kuchimba mashimo kwenye tope la ukingoni na kujificha humo hadi ukame upite. Kwa sura wangemkumbusha mtu wa Pwani kamba mawe wadogo, ila hawa ni wa maji baridi. Walikuwa wameingia Kenya katikati ya miaka ya 1960 kutoka Uganda, wakafugwa kwanza katika mabwawa ya mashamba ya Bonde la Ufa. Afrika bara haikuwa na kiumbe wa ukoo huu; wa asili wako Madagaska tu.

Ziwa lenyewe lilikuwa limezoea wageni. Samaki wake wa asili alikuwa wa aina moja tu, mdogo asiye na soko, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Tilapia waliletwa 1925, kisha bass kutoka Marekani mwishoni mwa muongo huohuo, hasa kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoano. Kwa maafisa wa uvuvi, kuongeza kamba kulikuwa hatua nyingine ya kulifanya ziwa lilipe.

Na lililipa. Kamba walizaana kwa kasi, na ilipofika 1975 uvuvi wa kibiashara ulikuwa umeanza. Mamia ya tani kwa mwaka yalikuwa yakivuliwa, na sehemu kubwa ilipelekwa Ulaya, hasa Uswidi.

Kwa nini Uswidi? Huko kula kamba wa maji baridi ni sherehe. Kila Agosti familia na marafiki hukusanyika, wakavaa kofia za karatasi, wakaimba na kunywa, na katikati ya meza pakawekwa sinia la kamba waliochemshwa kwa chumvi na maua ya bizari ya Kizungu, kisha wakapozwa. Lakini mwaka 1907 ugonjwa wa ukungu uliingia nchini humo pamoja na kamba waliotoka Ufini, ukaanza kuwamaliza kamba wa asili katika mto mmoja baada ya mwingine. Sherehe haikufa; walioadimika ni kamba. Waswidi wakageukia nchi za mbali: Uturuki ikawauzia, na kwa miaka michache Naivasha nayo ikawauzia. Kuna kejeli hapa, kwa kuwa ukungu ule asili yake ni Amerika Kaskazini, na kamba wa huko, wakiwemo wa Louisiana, huubeba bila wao kudhurika sana.

Je, aliyeishi kando ya ziwa alipitwa na nini? Gramu 100 za nyama ya kamba hawa iliyochemshwa zina takriban gramu 17 za protini, na mafuta yanazidi gramu 1 kidogo tu, yote hayo kwa kalori zipatazo 82. Vitamini B12 iliyomo inakaribia mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima, na hilo si jambo dogo katika nyumba ambayo chakula cha kila siku ni ugali, sukuma wiki na maharagwe, kwani B12 haimo katika sahani hiyo hata ikijazwa vipi. Kuna pia fosforasi, zinki na seleni. Kolesteroli imo, miligramu 130 hivi, ingawa mafuta yanayoziba mishipa ni kidogo mno. Wapo watu ambao miili yao haipatani kabisa na viumbe wa jamii ya kamba na kaa, na hao wakae mbali. Tena kamba asiliwe mbichi, kwa sababu katika nchi kadhaa kamba na kaa wa maji baridi hubeba minyoo ya mapafu ambayo huuawa na moto.

Tatizo ni hesabu ya jikoni. Katika kilo moja ya kamba hai, nyama ya mkia haizidi sana gramu 150; iliyobaki ni gamba, magando na kichwa. Mama mwenye watoto watano na shilingi chache mkononi atachukua omena, ambao huliwa wazima pamoja na mifupa yao na hivyo humpa mlaji madini mengi ya chokaa kuliko mkia wa kamba. Kwake yeye kamba ni kazi nyingi kwa tonge dogo.

Desturi nayo ilikuwa na neno lake. Wamaasai waliolisha ng'ombe ukingoni mwa Naivasha hawakuwa walaji wa samaki, sembuse kiumbe mwenye miguu kumi. Wasabato wanaofuata sheria ya mapezi na magamba katika Mambo ya Walawi hawamgusi. Kwa hiyo kamba ambao hawakusafirishwa nje waliishia hasa katika hoteli, mbele ya watalii. Huwezi kuwalaumu wenyeji. Kamba hawa waliletwa kama bidhaa ya kuuzwa, na bidhaa isiyokuja na mapishi yake haiingii katika sufuria za watu kwa sababu tu ina protini.

Katika Louisiana kwenyewe mambo yalikuwa kinyume. Kamba hawa walikuwa chakula cha watu wa mabwawa kabla ya kuwa biashara, wakipikwa kwa pilipili, mahindi na viazi katika masufuria makubwa uani. Ndiyo maana mwaka 1959 bunge la jimbo liliupa mji wa Breaux Bridge heshima ya kuwa makao makuu ya kamba duniani, na wafugaji wakajifunza kuwakuza katika mashamba ya mpunga baada ya mavuno. Uchina, iliyopokea kamba hao kupitia Japani kabla ya Vita Kuu ya Pili, leo huzalisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka na karibu zote huliwa na Wachina wenyewe, kwa vitunguu saumu na pilipili kali.

Naivasha haikudumu. Kamba ni walaji wakubwa wa mimea ya majini, na kufikia 1982 magugu ya chini ya maji pamoja na mayungiyungi yalikuwa yametoweka katika sehemu kubwa ya ziwa. Wavuvi wa tilapia nao walilalamika, kwani samaki walionaswa kwenye nyavu walitolewa wakiwa wametafunwa. Baada ya chakula chao kwisha, kamba nao walipungua, na biashara ya Ulaya ikanyauka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mimea ikarudi baadaye, kamba wakaongezeka tena, na mzunguko ukaendelea.

Hata hivyo wenyeji walimla kamba bila kumwona. Watafiti waliopasua matumbo ya bass wa Naivasha walikuta kwamba samaki wakubwa waliishi kwa kula kamba hasa, na bass hao walifika sokoni. Faida nyingine ilitokea mbali na ziwa: utafiti wa Kenya uliochapishwa 1999 ulionyesha kuwa kamba walioachiwa katika mabwawa ya vijijini walikula konokono wanaoeneza kichocho, na maambukizi ya watoto wa shule yakapungua.

Baadaye Naivasha ikawa inavuliwa zaidi samaki aina ya kapi aliyeingia mwanzoni mwa karne hii, na kamba wakabaki pembeni. Anayetaka kuwaonja kwa urahisi zaidi huenda Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako wenyeji huwatega kwa mitego ya kienyeji, na hoteli za ukingoni huwaandaa kwa masala ya binzari au huwajaza ndani ya parachichi.