Studio Kwanza, Ufundi Baadaye

Agosti 1839 Ufaransa iliitangaza hadharani mbinu ya Louis Daguerre ya kunasa sura kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Kabla ya mwaka kwisha habari ilikuwa imeshavuka Atlantiki, na Marekani ikapata kazi mpya isiyo na chuo.

Wahunzi, washona viatu, hata wang'oa meno wakafungua studio. Huko New York, Samuel Morse, yuleyule wa telegrafu, alifundisha kwa malipo. Mwanafunzi wake mmoja, Albert Southworth, alikuwa muuza dawa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Bamba lilisuguliwa mpaka ling'ae kama kioo, likafukizwa kwa mvuke wa ayodini, likaingizwa kwenye kamera, kisha picha ikaibuliwa kwa mvuke wa zebaki iliyopashwa moto. Alama ya kidole tu ilitosha kuharibu kila kitu. Zebaki nayo ni sumu, na mwanagenzi aliivuta chumbani bila wasiwasi. Mteja alikaa kimya, kisogo kimeegemezwa kwenye chuma. Akitikisika, anaondoka na ukungu.

Nathaniel Hawthorne aliwajua watu wa namna hii: mpiga picha wa riwaya yake ya 1851 hata miaka 22 hajatimiza, na tayari ameshakuwa mwalimu, mchuuzi na daktari wa meno!

Southworth, tumtendee haki, hakubaki mwanagenzi. Yeye na Josiah Hawes, aliyeanzia useremala, waliendesha studio Boston kuanzia 1843, na picha zao ni miongoni mwa bora za enzi hiyo.