Kiti Kilichovuka Kizingiti

Msomaji, bila shaka umepata kuona kiti cha magurudumu. Pengine ulikiona hospitalini, katika ukumbi wenye sakafu ya saruji iliyopigwa deki hata ikang'aa, mgonjwa akisukumwa taratibu kutoka wodi moja hadi nyingine. Sasa kichukue kiti hicho katika mawazo yako, ukitoe nje ya lango la hospitali, ukipeleke kwenu. Kipitishe katika barabara ya changarawe, kisha katika kijia kiendacho mtoni, kisha kando ya shamba lililolimwa jana, na mvua iwe imenyesha usiku. Je, kitafika wapi? Swali hili dogo limewachukua watu karne nyingi kulijibu. Nalo si swali la mchezo. Maana jamaa wanapoondoka nyumbani siku ya sikukuu, kwenda pwani au kumzuru nyanya mlimani, mara nyingi kiti ndicho kiamuacho nani atakwenda nao na nani ataachwa kulinda nyumba.

Viti vya zamani havikukusudiwa kwenda mbali. Mwaka wa 1595 Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyeteswa sana na jongo, alikuwa na kiti chenye magurudumu madogo, mahali pa kunyoshea miguu, na mgongo ulioweza kulazwa nyuma. Kilikuwa kiti cha fahari kifaacho vyumba vya kasri, lakini hakikwenda hata hatua moja pasipo mtumishi wa kukisukuma.

Yule tunayemjua kuwa wa kwanza kujiendesha mwenyewe hakuwa mfalme, bali fundi wa saa. Jina lake Stephan Farffler, mkaazi wa Altdorf, mji mdogo karibu na Nürnberg katika Ujerumani. Miguu yake haikuweza kumchukua. Lakini tafakari kazi yake: fundi wa saa hushinda kutwa akishika magurudumu madogo yenye meno, moja likilizungusha jingine. Mwaka wa 1655, akiwa na umri wa miaka 22, Farffler aliyachukua maarifa yale ya saa akayatia katika gari dogo la magurudumu matatu. Mbele yake aliweka vipini vya kuzungusha kwa mikono, navyo vikaliendesha gurudumu la mbele kwa njia ya meno. Akaketi, akazungusha, akaenda. Ukifika Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako wafanya biashara wasioweza kutembea wamejulikana kwa kuvusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono, zitazame vizuri: ni jamaa ya gari lile la Altdorf. Mimi humweka fundi huyu juu ya wavumbuzi wengi wenye majina makubwa, kwa kuwa hakuhitaji kuelezwa na mtu shida aliyokuwa akiitatua.

Walakini mfano wake haukufuatwa upesi. Zaidi ya miaka mia baadaye, katika mji wa Bath, Uingereza, wenye chemchemi za maji moto ambako wagonjwa walikwenda kuoga, mtu aitwaye John Dawson aliunda viti vya magurudumu matatu vilivyopewa jina la mji huo. Ilikuwa mwaka wa 1783. Abiria alishika usukani, lakini nguvu ya mwendo ilikuwa ya mtu mwingine avutaye au asukumaye. Viti hivyo vilitoka nje, naam. Ila hewa safi ilikuwa ya kulipiwa.

Tuharakishe hata karne ya ishirini. Herbert Everest, mhandisi wa migodi wa Marekani, alikuwa amevunjika mgongo katika ajali ya mgodi. Viti vya siku zile vilikuwa vizito, wala havikuingia katika motokaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 yeye na rafiki yake Harry Jennings, mhandisi wa mitambo, walitengeneza kiti cha paipu za chuma kilichoweza kukunjwa na kupakiwa garini, na mwaka wa 1937 wakapata hataza yake. Hicho ndicho babu wa kile ulichokiona hospitalini. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani sasa mtu aliweza kusafiri maili mia pamoja na jamaa zake. Taabu ilianza aliposhushwa.

Sababu yake ni rahisi kuifahamu. Gurudumu dogo likikutana na jiwe hukutana nalo kama ukuta, hali gurudumu kubwa hulipanda kama kilima. Tena jiwe likilisimamisha gurudumu la mbele ghafula, mwili wa aliyeketi huendelea mbele, naye huanguka kifudifudi. Katika mchanga wa pwani gurudumu jembamba huzama, kwa kuwa uzito wote umekusanyika mahali padogo. Mtazame ngamia na wayo wake mpana, utaona kwamba jibu lilikuwapo siku nyingi.

Ralf Hotchkiss alikuwa mwanafunzi wa chuo huko Marekani alipoumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki mwaka wa 1966. Amesimulia kwamba alipotoka barabarani na kiti chake hakufika mbali: kiligonga ufa katika njia ya miguu, kikavunjika. Mwaka wa 1980 alikwenda Nicaragua, akawakuta vijana wanne wakishirikiana kiti kimoja, nao walikuwa wamekirekebisha kwa maarifa yao wenyewe. Mhandisi yule aliyesoma akakaa miguuni pa vijana wale kujifunza. Toka hapo alizunguka katika nchi nyingi, akifanya kazi na mafundi ambao wengi wao huketi vitini wenyewe. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kutokana na kazi hiyo kilipatikana kiti kirefu cha chini, kisichopinduka upesi, chenye magurudumu mapana ya mpira mbele. Gurudumu mojawapo la namna hiyo huitwa Zimbabwe, kwa kuwa asili yake ni kwa mafundi wa nchi hiyo.

Wakati huo huo, katika milima ya Ufaransa, swali liliulizwa kwa namna nyingine. Joël Claudel, kiongozi wa watembezi milimani, alikuwa na mpwa wake mwenye ugonjwa wa kudhoofisha misuli, naye alitaka kwenda naye kule alikowapeleka wageni. Mwaka wa 1987 aliunda kiti chenye gurudumu moja tu chini yake, na mipini mbele na nyuma. Mtu mmoja huvuta, mwingine husukuma na kushika mizani. Kwa nini gurudumu moja? Kwa sababu kijia cha mlimani hakina upana wa kutosha magurudumu mawili. Kiti hicho kiliitwa Joëlette, na kwa umbo ni ndugu wa machela iliyotiwa gurudumu. Waweza kusema kwamba hapa abiria amerudi kubebwa kama Mfalme Philip. Ni kweli hajiendeshi. Lakini wabebaji si watumishi. Ni mjomba na binamu, nao hufika kileleni pamoja, wakala chakula chao hapo.

Sasa hadithi yaja kwetu. Mwaka wa 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT huko Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti vya magurudumu. Aliona kwamba kiti cha kawaida hukwama njiani, na baiskeli ya mikono huenda mbali barabarani lakini haiingii chumbani. Alitaka kiti kimoja kitakachofanya kazi zote mbili, nacho kitengenezwe kwa vipande vya baiskeli, ili kikiharibika fundi wa karibu aweze kukitengeneza.

Wewe uliyesoma habari za wenzo katika somo la sayansi utafahamu mara moja alivyofanya. Aliweka nyenzo mbili ndefu, moja kila upande, zilizounganishwa na magurudumu kwa mnyororo wa baiskeli. Aliyeketi husukuma nyenzo mbele, kiti kikaenda. Akikuta mlima au tope, hushika juu, karibu na ncha, na nguvu yake huongezeka ingawa mwendo hupungua. Akifika tambarare hushika chini, mwendo ukazidi. Hakuna gia ya kubadilisha. Mikono yenyewe ndiyo gia. Akivuta nyenzo nyuma, kiti husimama. Akifika nyumbani huzing'oa, akaendesha magurudumu kwa viganja kama kiti kingine chochote.

Kiti hicho kilijaribiwa mwaka wa 2009 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Waliokitumia walikisifu njiani, lakini ndani ya nyumba walikikataa: kipana mno, kizito mno, hakigeuki. Wahandisi wakarudi mezani, wakakipunguza upana na uzito, kisha wakakijaribu tena Guatemala na India. Naona hukumu ile ya Waafrika ya Mashariki ilikuwa sehemu ya uvumbuzi kama ilivyokuwa hesabu ya wenzo.

Jambo lililofuata halikutazamiwa. Wamarekani wasioweza kutembea walikisikia, nao wakakitaka kwa ajili ya njia za misitu, mbuga na fuo za bahari. Mwaka wa 2012 Winter na wenzake wakaanzisha kampuni, na kiti kilichobuniwa kwa njia za vijiji vyetu kikawapeleka wazazi msituni pamoja na watoto wao huko Marekani. Kilikusudiwa kugharimu dola 200 hivi. Kile cha Marekani huuzwa kwa maelfu ya dola.

Kwetu sheria haina upungufu wa maneno. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, wataja katika kifungu cha 30 haki ya kushiriki katika mapumziko, michezo na matembezi. Nayo karakana ya chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, imechomelea viti na baiskeli za mikono Nairobi kwa miaka mingi. Mnyororo, spoki na paipu za kiti cha nyenzo ni zile zile za baiskeli, na fundi wa baiskeli yuko katika kila soko.